Uaminifu wa maisha yote kwa Mungu: mzee wa Liuli alidumu vipi miaka 52?

Leo naomba tuongelee kitu ambacho karibu kila Mkristo ameshakiahidi, tena wengi wetu tuliahidiwa tukiwa bado tunanyonya. Siku ya ubatizo wazazi na wasimamizi walijibu kwa niaba yetu kwamba tunamkataa shetani na tunamwamini Mungu. Tulipofika kipaimara tukarudia wenyewe, tumevaa nguo mpya, mawazo yako kwenye pilau. Hakuna aliyesema "naahidi mpaka nimalize shule" au "mpaka maisha yakae sawa". Ahadi ilikuwa ya maisha yote.

Sasa ukikaa kijiweni na vijana, utasikia watu wamegawanyika pande mbili. Wa kwanza anasema uaminifu ni moto: ukiokoka unawaka, unakesha, unatetemeka, na siku moto ukipungua basi umerudi nyuma. Wa pili anasema uaminifu ni rekodi safi: ukishaanguka mara moja, kitabu kimechafuka, bora uendelee na mambo yako mpaka uzeeni, utatubu ukiwa kitandani. Mimi naona wote wawili wamekosea, na kosa lenyewe si dogo, maana wote mwisho wao ni mmoja, wanaacha.

Badala ya kubishana kwa maneno matupu, twende Liuli tukamwangalie mtu aliyedumu kweli.

Kwa wasiopafahamu, Liuli iko ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Unashuka kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay, halafu unafuata ufukwe kuelekea kaskazini. Zamani ilikuwa ndani ya wilaya ya Mbinga kabla Wilaya ya Nyasa haijaanzishwa. Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya jabali lililoko pale ambalo kwa mbali linafanana na lile sanamu la Misri, na Agosti 1914 meli ya Waingereza iliishambulia meli ya Wajerumani hapohapo, ikiwa ni moja ya mapambano ya mwanzo kabisa ya Vita Kuu ya Kwanza. Lakini hayo ni ya siku nyingine. Leo nataka lile kaburi la William Percival Johnson.

Johnson alizaliwa Uingereza mwaka 1854. Alisoma Oxford, na mipango ilikuwa aende kuwa mtumishi wa serikali kule India, kazi yenye mshahara mnono na pensheni. Akaiacha. Mwaka 1876 akaja Zanzibar kwenye misheni ya UMCA iliyokuwa chini ya Askofu Edward Steere, yule Steere aliyefanya kazi kubwa ya Kiswahili. Rafiki yake wa chuoni, Chauncy Maples, naye akaja mwaka huohuo. Johnson alikuwa na miaka 22. Yaani umri wa kijana ambaye leo anatafuta ajira na kila mtu nyumbani anamuuliza "vipi, umepata?"

Sasa angalia miaka yake ya mwanzo ilivyokwenda. Alikwenda kukaa Mwembe, mji wa Mataka, mtawala wa Wayao. Biashara ya utumwa ilikuwa bado inaendelea, mambo yakaharibika, na mwaka 1881 ikambidi aondoke. Kazi ya kwanza hiyo imekufa. Akasogea ziwani mwaka 1882 na mwenzake Charles Janson. Janson akafariki muda mfupi tu baada ya kufika. Johnson akabaki peke yake.

Akawaza kwamba ziwa hili bila meli halifanyiki kitu, maana vijiji vimetandazwa ufukweni na milima inakuja mpaka majini. Akarudi Uingereza kutafuta pesa. Katika kipindi hicho macho yakampata. Jicho moja likaenda kabisa, la pili likabaki linaona kwa shida. Mtu mwingine angesema Mungu ameshajibu, hapa basi. Ingekuwa sababu ya heshima kabisa ya kubaki kwao, wala hakuna ambaye angemlaumu. Yeye akarudi. Nayo meli ililetwa kwa vipande kupitia mto Zambezi na Shire, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1885, wakaipa jina la marehemu, Charles Janson.

Mwaka 1895 Maples, yule rafiki wa tangu Oxford, akawekwa wakfu kuwa askofu wa Likoma. Septemba ya mwaka huohuo, akiwa njiani kurudi ziwani kuanza kazi, mashua ikapinduka kwenye dhoruba, akazama pamoja na mlei Joseph Williams. Wanaolifahamu ziwa letu mwera ukiamka hawahitaji maelezo hapo.

Johnson aliendelea. Alilala kwenye meli, akashuka kijiji kimoja baada ya kingine, akatembea kwa miguu ufukweni. Akiwa na nusu ya jicho alishughulika na tafsiri ya Biblia katika Kinyanja cha Likoma mpaka Biblia nzima ikakamilika mwaka 1912. Akapewa cheo cha arkidikoni, lakini askofu hakuwahi kuwa. Dayosisi ile tangu ianzishwe 1892 mpaka anakufa yeye ilipitiwa na maaskofu watano: Hornby, Maples, Hine, Trower na Fisher. Wanakuja, mwingine anaugua, mwingine anazama, mwingine anahamishwa. Yule mzee bado yupo. Akafia Liuli Oktoba 1928, ana miaka 74, na akazikwa hapohapo. Toka 1876 mpaka 1928, piga hesabu: miaka 52, na 46 kati ya hiyo ni ya ziwani.

Naomba nieleweke, siji hapa kusifia wazungu. Habari ya Johnson isingekuwepo bila watu weusi ambao majina yao hayajaandikwa kwenye meli. Mtu asiyeona vizuri hatembei vijiji vya Nyasa peke yake. Kuna waliomwongoza, waliomsomea, waliomsahihisha maneno, waliomlisha. Na kuna waliosimama kwa miguu yao wenyewe, kama Augustine Ambali, aliyekuwa mtumwa akakombolewa, akaja kufanya kazi kando ya ziwa miaka ya 1880, akapewa upadre mwaka 1906 na akaandika kumbukumbu zake mwenyewe za miaka thelathini ya huku. Huyu alikuwa na sababu nyingi kuliko Johnson za kumkasirikia Mungu. Hakuwa na pensheni ya India ya kuacha, alikuwa ameshanyang'anywa kila kitu.

Tukirudi kwenye swali letu, kilichowashikilia hawa ni nini? Maana hamasa haikai miaka 52. Hakuna binadamu anayewaka miaka 52.

Tatizo letu vijana tunapenda habari za mashahidi. Kila tarehe 3 Juni tunasikia habari za Namugongo, vijana wa Uganda waliochomwa moto mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, na Kizito aliyekuwa mdogo kuliko wote. Ni habari inayotetemesha, na ni haki yao kuheshimiwa. Hata huku kusini tunao wetu: Agosti 1905 wakati wa Majimaji Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa njiani karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Ila ukisikiliza habari hizi tu, unaanza kufikiri kwamba uaminifu ni tukio. Siku moja mbaya, jibu moja zuri, unaingia mbinguni. Wengi wetu siku hiyo haitakuja. Itakuja Jumatatu. Halafu Jumanne. Kahawa imeshuka bei, mtoto ana homa, padre mpya ana ukali usioeleweka, kwaya imegombana kuhusu sare. Uaminifu wa maisha yote unafanyika humo, na hakuna anayepiga picha.

Watu wa Mbinga tunao mfano wetu, tena tunaukanyaga kila siku: ngolo. Kwa wageni nieleze. Kwenye miteremko mikali ya Umatengo nyasi zinafyekwa, zinalazwa kwa mistari inayokatana mpaka inatokea miraba, halafu udongo unachimbwa katikati ya kila mraba na kufunika zile nyasi. Kinachobaki ni mashimo yamezungukwa na matuta. Juu ya tuta unapanda maharage, msimu unaofuata mahindi. Mvua ikija, maji yanatulia kwenye shimo badala ya kubeba mlima kwenda nao mtoni. Ndiyo maana milima ile imelimwa karne na karne na bado ina udongo.

Sasa ngolo haichimbwi mara moja. Baada ya mavuno ya mahindi unarudi, unafyeka tena, unalaza tena, unachimba upya, na palipokuwa shimo panakuwa tuta. Ukiacha kwa kujivunia kwamba babu alichimba vizuri sana, mvua itakuonyesha. Na anayerudia kuchimba hana maana kwamba shamba lilishindikana. Ndivyo shamba linavyokaa shamba.

Kwa hiyo kusali asubuhi ukiwa huna hata hamu si unafiki, kama wengi wanavyodhani. Unachimba tu. Hamu ikija ni neema, isipokuja shimo limeshachimbwa, maji yatapata pa kukaa.

Kitu cha pili, na hiki nadhani ndicho kilichombeba Johnson zaidi: mahali na watu. Wabenediktini, ambao Wakatoliki wa huku ndio wametulea tangu Peramiho ilipoanzishwa 1898 na Kigonsera 1899, wana nadhiri moja ambayo wengi hatuijui. Tunajua useja, ufukara na utii. Lakini kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, inamtaka mtawa aahidi pia kudumu katika jumuiya yake ileile. Yaani asitange-tange kutoka monasteri moja kwenda nyingine kutafuta wenzake wazuri zaidi au abati mpole zaidi. Benedikto alijua ujanja wetu: mtu anaposema anamtafuta Mungu, mara nyingi anawakimbia watu. Majimaji ilipounguza Peramiho na Kigonsera mwaka 1905, waliobaki walirudi wakajenga palepale.

Nikiangalia sisi, mtu mmoja ndani ya miaka mitatu amehama makanisa manne. Kwanza alifuata miujiza, kisha mafuta, kisha maji, kisha nabii fulani aliyemtabiria gari. Sisemi kuhama dhehebu ni dhambi, kuna wanaohama kwa dhamiri safi kabisa. Ila jiulize unahama kwa sababu umeona ukweli, au kwa sababu pale ulipokuwa wameshaanza kukufahamu?

Na hapa lazima nitoe angalizo, maana neno uaminifu lina hatari yake. Kudumu kwa Mungu si sawa na kumng'ang'ania mchungaji yeyote aliyeshika kipaza sauti. Mwaka 2023 dunia nzima ilishuhudia msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, ambako ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa Paul Mackenzie, watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ndipo wakutane na Yesu. Kabla yake, Machi 2000, kule Kanungu, Uganda, mamia ya wafuasi wa kundi la kina Joseph Kibwetere waliteketea ndani ya kanisa lililofungwa. Wengi wa wale walikuwa watu waaminifu kweli, tatizo waliutoa uaminifu wao kwa mtu. Kipimo ni rahisi: kiongozi anayekutenga na ndugu, anayekataza mtoto kwenda shule au mgonjwa kwenda hospitali, anayekasirika ukiuliza swali, huyo anadai kitu ambacho ni cha Mungu peke yake. Huyo mkimbie, na kumkimbia ndio uaminifu wenyewe.

Sasa tuje kwenye lile kundi la rekodi safi, maana humu ndiko wengi tunakoumia kimyakimya.

Fungua waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya 4. Paulo yuko kifungoni, anajua mwisho umekaribia. Anamtaja Dema, kwamba amemwacha kwa kuipenda dunia hii. Mstari unaofuata anaagiza aletewe Marko, kwa sababu anamfaa kwa kazi. Ukisoma harakaharaka unapita. Lakini Marko huyu ni nani? Rudi Matendo sura ya 13: ni yule kijana aliyewaacha Paulo na Barnaba katikati ya safari akarudi Yerusalemu. Sura ya 15 Paulo na Barnaba waligombana kwa ajili yake mpaka wakaachana, kwa sababu Paulo hakutaka hata kumsikia. Kwa hiyo kwenye ile mistari miwili wamo watu wawili walioacha. Tofauti yao ni kwamba mmoja alikuwa ameshaondoka na mwingine alikuwa ameshapata njia ya kurudi. Na aliyemwezesha kurudi ni Barnaba, mjomba mtu au binamu vile, aliyekubali kugombana na mkubwa kwa ajili ya kijana mmoja mwoga. Kila parokia inahitaji kina Barnaba, nasi tunao wachache mno.

Hata Kanisa lenyewe halidanganyiki kwamba binadamu anaweza kutoa maisha yake yote siku moja kwa mkupuo. Angalia masista wetu, wa Chipole kwa mfano. Binti haingii leo akafunga nadhiri za daima kesho. Kuna kipindi cha kuangaliana, kisha unovisi, ambao kwa sheria ya Kanisa haupungui miezi 12. Kisha nadhiri za muda, si chini ya miaka 3, na zinaweza kurefushwa mpaka 9. Anaahidi kidogo, anaishi, anaahidi tena. Ndipo zinakuja za daima. Zile jubilei za miaka 25 na 50 tunazoziona wamevishwa mataji, huku sisi tunahesabu zawadi, zimeanza na ahadi ndogo ya muda. Hakuna aliyekuwa na uhakika wa miaka 50 siku ya kwanza.

Wala maisha yote si lazima yawe marefu. Leonard Kamungu, mtoto wa ziwani huyuhuyu, alipata upadre 1909, mwaka 1911 akajitolea kwenda Msoro, ambako sasa ni Zambia, kuanzisha misheni. Alikufa 1913, na wapo waliosema ni sumu. Miaka miwili tu ya kazi kule, lakini alitoa yote aliyokuwa nayo, na Waanglikana wa Zambia na Malawi wanamkumbuka mpaka leo.

Nimalizie na jambo moja la hapahapa kwetu. Kuna vijana kibao wanaishi pamoja, wana watoto wawili watatu, wanapendana, wanakuja kanisani na kukaa viti vya nyuma. Komunyo ikifika wanabaki wamekaa. Ukimuuliza anakwambia "sisi tumeshaharibu". Ukichimba zaidi unakuta kilichowazuia si imani. Ni kamati. Wanasubiri pesa ya ukumbi, sare za wasimamizi, keki, mziki, na mahari ambayo wazee wameitaja kwa hasira. Mwaka unapita, wa tano unapita, mpaka mtu anazoea kujiita mtu wa nje.

Kwa faida ya hao: ndoa ya Kikatoliki haidai ukumbi. Inadai ninyi wawili muwe huru kuoana na mkubali kwa hiari, padre au shemasi mwenye ruhusa, na mashahidi wawili. Kuna mafundisho kabla, kuna matangazo kanisani, na unahitajika cheti cha ubatizo, ambacho kama kimepotea parokia uliyobatizwa inaweza kukutolea kingine kwa sababu jina lako liko kwenye daftari lao. Inaweza kufungwa hata siku ya kawaida kwenye misa ya asubuhi, mkarudi nyumbani kunywa chai. Suala la mahari mwoneni mwenyekiti wa jumuiya au katekista awasaidie kuongea na wazee, wengine wanakubali kulipwa kidogokidogo. Wenzetu Waanglikana na Walutheri nao wana utaratibu wao wa kubariki ndoa, muulizeni mchungaji.

Anzeni na katekista wiki hii, kabla msimu wa mashamba haujabana.